Aliyeomba Kupandishwa

Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki mbili, na asubuhi ile mbingu haikuwa na hata kiwingu, lakini chumba cha marubani kilinuka udongo uliolowa. Mkuu wa wahudumu wa ndege, mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Bi Mkanda kwa jinsi alivyowaandama abiria wafunge mikanda, alisimama mlangoni na trei ya chai akavuta pumzi mara mbili. Rubani alimuuliza anatafuta nini. Akasema hakuna. Alipompa kikombe, vidole vyao viligusana, na vya rubani vilikuwa vya baridi kama vya mtu aliyetoka kisimani.

Rubani huyo alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Walikuwa wamesafiri pamoja miaka tisa, na sifa yake kubwa ilikuwa woga. Watu walimtania kwamba hata moshi wa jikoni huuzunguka. Wingu la radi likionekana kwenye rada, yeye hulikwepa kwa mbali, abiria wakinung'unika shauri yao. Bora lawama kuliko matanga, alipenda kusema.

Hata hivyo, majuma matatu nyuma wingu lilikuwa limewazidi ujanja. Lilichipuka nyuma ya jingine, na ndege ikaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba. Toroli la chakula liligonga dari, mhudumu mmoja akavunjika mguu, na mzee aliyekuwa anaelekea msalani akapasuka kichwa. Ikaporomoka tena, na tena, kisha ikatulia ghafla, kama iliyodakwa na kiganja. Rubani alisifiwa sana. Yeye hakumshukuru aliyemsifu hata mmoja.

Kisha mke wa rubani alikuja nyumbani kwa dada yake, Bi Mkanda. Hakutaka kukaa sebuleni. Waliongea jikoni, bomba likiwa wazi ili wasisikike. Alisema mumewe ana mwanamke. Akirudi safari hujifungia bafuni mchana kutwa akinong'ona. Juzi yeye mke alitega sikio mlangoni akasikia sauti ya kike ikimjibu, polepole, kama inayobembeleza mtoto. Alipousukuma mlango alimkuta mumewe peke yake, amekaa sakafuni amevaa nguo zake, na kuta zinachuruzika maji mpaka darini.

"Simu yake nilikuwa nayo mimi, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa alikuwa anaongea na nani?"

Bi Mkanda alimwambia labda ilikuwa redio ya jirani. Wote wawili walijua kwamba jirani amehama.

Ndiyo maana siku ile ya harufu hakumwondolea shemeji yake macho. Safari ya kwenda ilikuwa shwari. Wakati wa kurudi, alasiri, wakiwa na abiria mia moja na kumi na wawili, wingu lilisimama mbele yao kama mlima uliooteshwa kwa hasira. Simu ya ndani ikalia. Alikuwa rubani msaidizi, mama wa mapacha, mtu asiyebabaika kirahisi. Alisema tu, "Njoo huku."

Alimkuta amekodolea macho rada, nyekundu toka upande hadi upande. Alieleza kwa kunong'ona kwamba ameomba mara tatu wazunguke, na mara tatu mkubwa wake amekataa, akidai kuna mlango katikati ya wingu. Bi Mkanda alimtazama shemeji yake. Hedifoni zilikuwa masikioni, lakini waya wake ulikuwa umechomolewa na kuning'inia magotini, na yeye alikuwa akitikisa kichwa kama anayepokea maelekezo.

"Naja," alikuwa akisema. "Nawaleta."

"Shemeji, nani anaongea na wewe?"

Rubani akasema, bila kugeuka, kwamba siku ile ya kuporomoka sauti ilimjia: nitakushusha salama, na wewe utanipandisha. "Nikasema ndiyo. Ungekuwa wewe ungesemaje? Anataka kurudi kwake, humo winguni. Ila hataki kurudi peke yake."

"Uliahidi roho yako. Hawa watu hukuwauliza," Bi Mkanda alisema. "Mkatalie kwa kinywa kile kile."

Akamwashiria rubani msaidizi achukue usukani, naye akauchukua na kuilaza ndege kushoto, lakini ukingo wa wingu ulikuwa umekwisha kuwafikia, na mwanga ukazimika mchana kweupe, mvua ya mawe ikapiga vioo kama ngumi za watu wanaotaka kufunguliwa, rada ikazima, abiria wakapiga mayowe nyuma ya mlango, na katikati ya mayowe hayo Bi Mkanda, aliyejifunga kwenye kiti cha ziada, akasikia mtu anacheka taratibu ndani ya zile hedifoni zilizochomolewa waya, huku shemeji yake akifumbua mdomo na maji yakimtoka badala ya neno, maji ya baridi yenye tope, hadi akaweza kusema hapana, na tena hapana, na ya tatu kwa kilio.

Harufu ile ya udongo ikakatika. Baada ya dakika kadhaa jua likawapiga usoni.

Walitua, na hakuna aliyekufa. Jioni ile ile rubani aliandika barua ya kuacha kazi, na mdogo mtu akapiga simu kusema mumewe anakula, anaongea, amerudi kuwa yeye.

Kesho yake Bi Mkanda alimkuta rubani msaidizi kwenye maegesho ya magari, akampongeza. Alimuuliza alijuaje njia ya kutokea huku rada imezima.

Alijibu kwamba waongoza ndege wa chini walimsaidia. Kulikuwa na bibi mmoja mzee mpole sana, wa sauti ya kubembeleza, alimwelekeza kushoto, kushoto kidogo, sasa nyoosha.

Bi Mkanda alikuwa ameisoma ripoti. Mawasiliano na chini yalikatika kwa dakika kumi na moja, muda wote waliokuwa ndani ya wingu.

"Ukamjibu nini huyo mzee?"

"Nilimshukuru." Yule mama alishika mlango wa gari asiufungue. "Akaniuliza nakaa wapi na wanangu. Nikamwelekeza."