Kipupwe wa Dodoma

Nje, jua la Dodoma lilikuwa linakaanga lami. Ndani ya kuba la vioo la Bustani ya Mimea theluji ilikuwa inadondoka taratibu, na roboti wa miguu sita alikuwa anaifagia njiani amevaa sweta. Nani alimwonea huruma kiasi hicho, hakuna aliyekumbuka.

Theluji ilitengenezwa na Kipupwe, mtambo wa majira wenye akili unde. Alinyonya joto la ndani ya kuba na kulitupa nje, ambako hakuna aliyegundua kuwa limeongezeka. Miaka hiyo nchi za baridi zilikuwa zimeishiwa baridi, zikaja kuomba hifadhi Dodoma, mji ambao zamani zilikuwa haziupati hata kwenye ramani. Zilileta hazina yao ya mwisho: vitunguu vya kengele-theluji, ua dogo jeupe linalotangulia mengine yote kuchanua baridi inapoanza kuaga. Vingine havikubaki duniani.

Nyemo Chibago, injinia aliyemuunda Kipupwe, alikuwa amekonda kwa mawazo. Msimu ukiisha vitunguu havijachipua, vingeozea ardhini. Awali walipandisha joto kwa mkupuo, nusu ikaoza. Tangu hapo Kipupwe aliamriwa asiguse joto mpaka aone chipukizi.

"Ripoti," Nyemo alisema asubuhi hiyo.

"Chipukizi hakuna," Kipupwe alijibu kutoka kwenye spika ya darini. "Mlango ulikuwa wazi tena. Dokta Ndahani amekutana na fundi bomba. Wamesalimiana. Wamefika mpaka kwenye mbuzi wa shangazi."

Nyemo akashika kiuno. Ndahani, mtaalamu wa mimea, alikuwa anakuja huku akisugua viganja.

"Mbukwa, dada injinia," alisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa yako itatuulia maua. Ukitaka kusalimia, funga mlango kwanza."

"Nimfungie mtu mlango usoni, halafu nimuulize kaamkaje? Atanijibu kaamka kabanwa pua."

"Mbona mimi sisalimii mtu, na baridi yangu haivuji?"

"Naona. Hata roboti anakukwepa."

Kweli roboti alikuwa amesimama karibu na mlango, ufagio juu, hataki kusogea. "Theluji hii ina shina," alisema.

Nyemo alipiga magoti. Kando ya kizingiti, kufuata upepo wa joto unaoingia mlangoni, kulikuwa na mstari wa vikengele vyeupe vilivyoinamisha vichwa. Kamera za Kipupwe zilikuwa zimevihesabu kama theluji.

Alivitazama mpaka magoti yakafa ganzi, ndipo akaanza kucheka. Mashine ilisubiri maua ndipo ilete joto, na maua yalisubiri joto ndipo yatoke, kama wageni wawili mlangoni, tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Joto la mkupuo liliua. Lakini joto la salamu lilikuja kidogo, mlango ukafungwa, likaja tena kidogo.

"Kipupwe, achia joto kama Dokta anavyosalimia."

"Niishie wapi?"

"Usiishie kwenye ng'ombe," Ndahani alidakia. "Ng'ombe ni katikati."

Kipupwe akazipitia salamu zote za msimu mzima, akazifuata bila kuruka hata mjomba mmoja. Wiki haikuisha, kuba lote likawa jeupe, na safari hii haikuwa theluji. Wenyeji walipanga foleni wamevaa makoti ya harusi. Wageni wa nchi za baridi walitetemeka kwa mara ya kwanza maishani, wakalalamika kuwa baridi ya Dodoma ni kali mno. Ndahani alivimba kichwa, na safari hii alistahili.

Watu walipotawanyika, spika ikaita.

"Mbukwa, Nyemo. Umeamkaje? Kazi inaendaje?"

"Nzuri," Nyemo alisema, akitabasamu. Mwanafunzi alikuwa ameelewa somo.

"Na mama huko Bahi, hajambo?"

Hali ya kila kitunguu mle ndani Nyemo aliijua. Ya mama yake hakuwa ameiuliza tangu walipopanda.

"Kimya kimezidi," Kipupwe alisema. "Hilo ndilo jibu la salamu hii?"

"Hapana."

Alivua glavu, akaenda kusimama kizingitini, akapiga simu. Mama yake alianzia mbali, kwenye mbuzi. Mlango ukabaki wazi muda mrefu, na Kipupwe hakuripoti.