Sura ya Mama Mukubwa

Jioni ile Florentine alikuwa na safari moja tu: kufika kwenye kibanda cha intaneti cha Ibrahim kabla rezo ya simu haijakatika, apandishe ukurasa wake mpya wa picha kwenye mtandao, kisha arudi kusonga bugali. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya milima. Kutoka huko huko milimani ulisikika mlio mzito, kama mtu anayeangusha magogo mbali. Hakuna aliyegeuka kutazama. Vita vilikuwa vimerudi tena mwaka ule, na mji wao wa Baraka, kando ya ziwa, ulikuwa umejaa watu waliokimbia vijiji vya upande wa Bibokoboko, wamelala chini ya maturubai kila penye nafasi. Mtu huzoea.

Florentine alikuwa mshonaji. Mchana alishona nguo za wanafunzi, na pasi ya makaa ilipokuwa ikipata moto, alichora. Alichora kwenye tableti kuukuu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Hadithi yake ya picha iliitwa *Kando ya Mayi*, yaani kando ya maji, na ilikuwa na tovuti yake yenyewe, aliyoijenga polepole bila mfadhili wala bosi. Ilikuwa vichekesho vya familia moja ya pale pale: baba mvivu, mama mkali, shemeji asiyeondoka. Wasomaji wake wengi walikuwa mbali, kwenye kambi za ng'ambo ya ziwa, Lubumbashi, Ubelgiji. Walicheka. Waliandika kwamba wakisoma wanasikia harufu ya ndagala, dagaa wa kwao.

Lakini vita vilipozidi, wakaanza kuomba kitu kingine. *Tutishe kidogo*, waliandika. *Balozi bote bameisha huko?* Balozi, ndivyo wachawi wanavyoitwa kule.

Basi akawatisha.

Alitunga bibi anayefuga mamba. Bibi anasimama ufukweni wakati giza linaingia, anagonga sufuria kwa jiwe... ko, ko, ko... na mamba anakuja kuuliza leo anamtaka nani. Tatizo lilikuwa sura. Kila sura aliyoijaribu ilionekana ya bandia, mpaka siku moja alipoinua kichwa akamwona Mama Mukubwa Marthe uani, akimenya muhogo uliolowekwa. Jicho moja lenye ukungu. Shavu lililobonyea upande usio na meno. Florentine alichora haraka, moyo ukimdunda kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani.

Huyo Marthe alikuwa dada mkubwa wa mama yake. Ndiye aliyembeba mgongoni siku wazazi wake walipouawa katika vita vya kwanza, akamvusha ziwa hadi rasi ya Ubwari, akamlisha samaki aliyemtafunia kwanza. Sasa alikuwa anamlea Tania pia, binti wa Florentine.

Ibrahim, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuuza intaneti, aliuangalia ukurasa ule kwenye kompyuta yake. Akakunja uso.

"Flore... huyu haiko Mama Mukubwa wako?"

"Nimebadilisha kitambala cha kichwa."

"Batu batamujua."

"Batu bataogopa. Njo bananiomba vile."

Akabonyeza. Ukurasa ukapanda.

Hakuna ukurasa wake uliowahi kusomwa kama ule. Watu wa Baraka wenyewe, ambao hawakuwa na habari na tovuti yake, walianza kuupitisha simu kwa simu. Madereva wa pikipiki waliupeleka mpaka kule Mboko. Watoto wa mtaa wakawa wanagonga makopo nyuma ya Mama Mukubwa akipita. Yeye alicheka tu, akawarushia maganda ya muhogo.

Kisha mamba akamchukua Dorothée.

Alikuwa msichana mzuri, mwenye sauti ya kwaya. Alikuwa anafua, maji yamemfika magotini. Waliokuwepo walisema hakupiga hata kelele. Alikuwepo... halafu hakuwepo. Na hatua chache kutoka pale, Mama Mukubwa Marthe alikuwa ameinama, anasugua sufuria yake kwa mchanga, anaigonga kwenye jiwe kuondoa masizi.

Ko. Ko. Ko.

Walikuja jioni ile ile. Casimir, kaka wa Dorothée, alikuwa mbele, na nyuma yake vijana waliojaza ua wote. Hakuna aliyepiga kelele. Hicho ndicho kilichomwogopesha Florentine zaidi. Walisimama kama watu waliokuja kutoa pole.

"Baambie, Flore," Mama Mukubwa alisema. Alikuwa bado ana kisu cha kumenyea mkononi, akakiweka chini taratibu ili wasikione vibaya. "Baambie ni bichekesho tu."

Casimir alimwonyesha Florentine simu. Kwenye kioo ulikuwa ukurasa wa bibi na mamba.

"Uliona, ama ulitunga?" alinong'ona. "Ukisema ulitunga... utuambie namna gani ulijua sufuria, na jiwe, na saa ya magaribi. Mutu anajua mambo ya balozi vile, naye ni mulozi."

Tania alikuwa ameshika sketi ya mama yake kwa nyuma. Florentine alizisikia kucha ndogo kwenye paja lake. Akawatazama vijana. Mmoja alikuwa ameshika dumu, na dumu lilinuka petroli.

"Niliona," alisema.

Neno moja. Lilimtoka jepesi, kama mate.

Mama Mukubwa hakulia wala hakumlaani. Alimgeukia kwa lile jicho lake zima, akamtazama jinsi mtu anavyotazama nguo anayotaka kuinunua, ndani na nje. Kisha akasema, kwa upole kabisa:

"Chora basi vizuri, mutoto wangu. Usimuache hata mumoja."

Wakamchukua kuelekea ziwani. Florentine alimziba Tania masikio, lakini yake mwenyewe hayakuwa na wa kuyaziba. Alisikia mawe yakiangukia majini. Yalianguka kwa muda mrefu.

Halafu kimya.

Mwili haukuonekana.

Florentine aliacha kuchora. Aliifunga tableti ndani ya kitambaa cha khaki, akaisukuma chini ya kitanda. Alishona tu. Vijana walipopita walimsalimu kwa heshima mpya, na hilo lilimchoma kuliko tusi. Nyumba ilibaki na harufu ya muhogo uliolowekwa, ingawa hakuna aliyeloweka muhogo tena. Alisugua ndoo. Alimwaga majivu uani. Harufu ilibaki.

Asubuhi moja Ibrahim akamsimamisha njiani.

"Ukurasa wako wa leo... Flore, uko natafuta nini?"

"Ukurasa gani?"

Alimwonyesha. Ulikuwa mkono wa Florentine mwenyewe. Mistari yake, vivuli vyake, hata ile tabia yake ya kuchora vidole virefu kidogo. Kwenye picha alikuwa Suzanne, mjane aliyeuza mafuta ya mawese karibu na kanisa. Amesimama nyuma ya hema la wakimbizi ambamo watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara. Anapuliza kitu kwenye kiganja. Chini ya picha watu walikuwa wameshaandika maoni mengi, na wengi walimshukuru mchoraji.

Florentine alikimbia nyumbani. Akavuta kitambaa cha khaki chini ya kitanda.

Tableti ilikuwa ya moto.

Kalamu yake ilikuwa imelowa. Ilinuka tope la ziwa. Akatazama mkono wake wa kulia, na chini ya kucha palikuwa na weusi. Ni yeye aliyeamka usingizini akachora? Au kuna aliyeketi kitandani pake, akamshika mkono kama mtu anavyomshika mtoto anayejifunza kuandika? Hakujua. Alijua tu kwamba lazima awahi kwa Suzanne.

Hakuwahi. Alipofika, nyumba ya Suzanne ilikuwa moshi, na Casimir alikuwa anafuta uso kwa shati.

"Asante, Flore," alimwambia. Na alimaanisha.

Florentine alifuta ukurasa ule mbele ya Ibrahim; kesho yake ukarudi. Alibadilisha neno la siri. Alimpa Ibrahim tableti aifungie ndani ya sanduku lake la chuma, na Ibrahim akalala juu ya sanduku hilo. Kurasa zikaendelea kutoka. Baada ya Suzanne alifuata mfugaji mzee wa kule juu milimani, aliyekuwa amekimbia na ng'ombe mmoja tu. Kisha mwanamke kichaa wa sokoni. Kila mmoja sura yake kamili, hata makovu. Na kila mara vijana walipokuwa wamemaliza, mtaa ulitulia, watu wakalala vizuri, kana kwamba wamekunywa dawa.

Halafu ikaja magaribi ile.

Casimir alikuja peke yake mpaka mlangoni. Wenzake walibaki barabarani. Alikuwa analia. Alimpenda Tania, aliwahi kumchongea kigari cha mti wa muhogo.

"Flore... ukurasa umetoka."

Hakutaka kuangalia. Akaangalia.

Tania. Gauni lake la njano. Amechuchumaa kwenye pompe ya maji, anakoroga ndoo za watu kwa kijiti, na anacheka kwa meno ya mbele ambayo bado hayajaota yote.

"Nilitunga!" Florentine alisema. "Casimir, sikia. Ni bongo, uongo mutupu. Sikuona kitu. Yote nilitunga, tangu mwanzo!"

Casimir alirudi nyuma hatua moja, kama aliyepigwa.

"Hata Mama Marthe?"

"Hata yeye."

Casimir alitazama barabarani, walikosimama wenzake. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Unataka kusema tuliua mama wa batu bure? Na Suzanne? Na bale bengine?" Akatikisa kichwa. "Hapana, Flore. Usituambie vile. Hatuwezi kubeba hiyo."

"Basi ni mimi. Mimi njo mulozi. Munikamate mimi!"

Alimtazama kwa huruma.

"We uko naona tu. Tutaishi namna gani bila we?"

Akamsogeza pembeni, polepole, kwa adabu, akaingia ndani.

Chumba kilikuwa kitupu.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Harufu ya muhogo uliolowekwa ilikuwa nzito hata Casimir akaziba pua. Sakafuni palikuwa na alama za miguu, zimelowa, zinang'aa kwenye mwanga wa simu. Miguu mikubwa ya mtu mzima, yenye kidole kidogo kilichopinda. Florentine alikifahamu kidole hicho. Alikuwa amekiosha mara nyingi. Kando yake, miguu midogo.

Ile midogo haikuwa imeburutwa. Ilitembea. Mahali pamoja ilionekana imerukaruka.

Alama zilishuka hadi ziwani, zikaingia majini, zikaishia hapo. Vijana walisimama mchangani na mienge yao, na hakuna aliyethubutu kulowesha hata unyayo. Florentine aliingia mpaka kifuani. Aliita. Aliita Tania, kisha akaita Mama Mukubwa, kisha akaomba msamaha kwa sauti, mbele yao wote. Kutoka mbali, gizani, upande wa Ubwari, alisikia kitu... au alidhani amesikia. Mtu anaosha sufuria.

Wengine wanasema msichana alizama. Wengine wanasema mama mmoja mvuvi alimwokoa kimyakimya, akamvusha ng'ambo, na anakua salama kwenye kambi. Ibrahim anaamini hilo la pili, au anajilazimisha kuamini. Kuhusu kurasa, alisema pengine kuna mtu mwenye chuki anayejua kuchora. Lakini hakuweza kumtaja mtu mmoja katika Baraka yote mwenye mkono ule, zaidi ya Florentine.

Florentine bado anakaa palepale. Bado anashona. Kurasa bado zinatoka, si kila wiki, na vita pia havijaisha. Kila ukurasa una sura ya jirani fulani katikati. Lakini wiki kadhaa baada ya Tania kupotea, aligundua kitu ambacho hakuna msomaji mwingine aliyekijali. Nyuma kabisa, pembeni, mahali mchoraji huweka miti au ukuta ili kujaza nafasi, kulikuwa na watu wawili wadogo wamekaa ufukweni. Bibi mwenye jicho la ukungu. Na msichana wa gauni la njano.

Katika ukurasa uliofuata, nywele za msichana zilikuwa zimesukwa upya.

Uliofuata tena, gauni lilikuwa limeanza kumbana mabegani.

Ibrahim alimwita mwezi uliopita. Alifunga mlango wa kibanda kwanza.

"Flore, nimepata namna. Jina la tovuti linaisha muda mwezi huu. Usipolipa, yote itakufa yenyewe. Hakuna ukurasa tena. Hakuna mutu atachomwa tena." Alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Usifanye kitu. Ni hiyo tu. Usifanye kitu."

Florentine aliitikia kwa kichwa. Alimshukuru. Alitembea mpaka nyumbani, akakaa kitandani, akafungua ukurasa wa mwisho kwenye simu. Katikati alikuwa Anastasie, mwalimu wa chekechea wa mtaa wa pili, mama wa watoto wadogo, ambaye vijana walimmaliza Jumapili. Florentine hakumtazama. Alikuza picha kwa vidole, ile pembe ya chini, akakuza tena mpaka mistari ikaanza kupasuka. Msichana alikuwa amegeuza uso kidogo safari hii. Meno ya mbele yalikuwa yameota yote.

Alilia kwa furaha.

Kisha akatoka, akapita kibanda cha Ibrahim bila kugeuka, akaenda kwa mtu mwingine mwenye intaneti, akalipa.