Namba za Nyuma ya Mbao

"Laki tatu, Mwalimu! Laki tatu unakwenda kumpa mtu aliyekuja juzi na begi moja?"

Wahida alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake la kuchapa, mikono kiunoni, amemzibia njia mteja wake. Nje jua lilikuwa linazama nyuma ya mapaa ya Bagamoyo. Mwalimu Twalha alikuwa ameshazirudisha karatasi za mtihani wa hisabati kwenye bahasha.

"Bi Wahida, mara ya mwisho alama ya kipeuo uliniandikia kwa herufi v. Shule sita nzima, watoto wamefanya mtihani wa v!"

"Na nikarudia bila kukutoza hata senti. Mimi kazi ya mtu sili bure, na yangu hailiwi bure."

"Sikatai. Lakini Shaikha alama zote anazipiga bila hata kugusa kipanya."

Jina hilo lilimchoma kama moto wa pumba. Shaikha alikuwa mwanamke wa Kiarabu kutoka Pangani, amepanga chumba cha pili cha jengo lile lile, ukuta wa mbao tu kati yao. Alipohamia alikuwa mchapaji kama wachapaji wengine. Wiki ya pili mlango ukambana, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikaenda. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Na badala ya kuzorota, akazidi kasi. Vidole tisa! Na Wahida mwenye kumi, aliyejifundisha kompyuta kwa macho na ubishi, alikuwa bado anatafuta alama moja moja kwenye orodha kama mtu anayechagua mchele gizani.

"Niachie mpaka isha," alisema. "Ukikuta kosa moja, mpelekee yeye."

Mwalimu akaitupa bahasha mezani. "Mpaka isha tu."

Adhana ya magharibi ikatoka. Wahida akaswali, moyo wake uko chumba cha pili. Kisha akaketi. Swali la kwanza tu lilikuwa na alama ya intigrali, lile S refu, limesimama kama nyoka anayesikiliza. Akalitafuta. Akalikosa. Akatukana.

Ndipo akasikia.

Nyuma ya mbao... mnong'ono.

"Mbili... mbili... mbili... B."

Akazuia pumzi.

"Alt... na X."

Kumbe! Kumbe ndivyo anavyofanya yule mwanamke, anazitaja namba zake kama anayesoma uradi! Wahida akasogeza kiti mpaka bega likagusa ukuta. Mbao zilikuwa baridi. Akaandika namba zile, akabonyeza vitufe vya Alt na X.

Namba zikatoweka. Mahali pake akasimama nyoka, mzuri, kama wa kwenye kitabu.

Wahida akacheka peke yake. "Leo, bibi wewe, nakula kwenye sahani yako."

Akahamia swali la pili.

Kisha: "Mbili... mbili... moja... A."

Kipeuo. Alama ile ile aliyokuwa akiihitaji. Alipofika kwenye alama ya jumla, ile sigma ya Kigiriki, sauti ikataja ya jumla. Alipochelewa, ikamngojea. Hakulishangaa hilo. Kijicho kikishajaa, akili hukosa pa kukaa. Harufu ikawa inapenya kwenye nyufa, harufu ya ubani uliozimwa kwa maji, naye akadhani ni jirani anajifukiza.

Kazi ikaisha hata isha haijaadhiniwa. Akatoka kwenda kwa Mwanvita, muuza kachori wa barazani, roho kwatu.

"Nipe nne. Na mbili mpelekee jirani, mwambie ahsante kwa somo."

"Jirani gani, shoga?"

"Shaikha. Si yumo humo anaongea peke yake?"

Mwanvita akauacha upawa ndani ya mafuta. "Shaikha yuko Kerege mazikoni tangu adhuhuri. Mimi ndiye niliyemshikia mkoba akifunga mlango."

Wahida akageuka. Kufuli lilikuwa linaning'inia. Dirishani, giza.

"Halafu shoga," Mwanvita akateremsha sauti, "yule hata angekuwapo... magharibi hakai humo. Tangu kile kidole."

Wahida akazisahau kachori.

Angekimbia. Lakini bahasha ilikuwa ndani, na kazi ilikuwa ndani, na laki tatu ile aliitaka zaidi kwa kuwa ilikuwa iende kwa Shaikha. Akarudi hadi mlangoni, akasita, mkono wa kulia umeshika mwimo. Kutoka pale aliiona kompyuta.

Chini ya swali la mwisho palikuwa na mstari ambao hakuuandika yeye.

10 − 1 =

Kialama cha kuandikia kilikuwa kinawaka na kuzimika, kinangoja jibu.

Ubani ukamjaa puani. Bawaba ikalia... taratibu... na mlango ukaanza kujirudisha. Akataka kuutoa mkono. Vidole havikumtii.

"Kazi ya mtu huli bure," sauti ikanong'ona, safari hii upande huu wa mbao. "Umesema mwenyewe. Mwenzako alishatoa chake."

Mlango ukagusa ukucha.

"Nilipe."