Kakule Anakuja Nyuma

Batu ba kwetu Mulekera banasemaka kama mimi naongezaka chumvi. Ni wivu. Mutu wa kunishinda kusimulia ku Beni hii yote bado hajazaliwa, na kama amezaliwa, bado ananyonya. Mais hii ya leo haina haja ya chumvi, juu ilimupata muramu yangu Lusenge, bwana ya dada yangu Emérence. Na ile kitu yenye ilibakia, mimi niliishika na mikono yangu hii.

Ilianza siku ya kawaida kabisa. Jua kali, cacao inakauka kando ya barabara, motari ba pikipiki banagombana juu ya wateja. Lusenge alikuwa gérant, musimamizi wa dépôt ya mabati hapa Beni, mali ya patron Syauswa, tajiri wa Butembo. Muchuuzi wa kweli, Lusenge. Mudomo yake haikujuaka kusema "hakuna." Ukimuuliza bati yenye haiko, ukimuuliza misumari yenye haijatoka hata Uganda, yeye jibu ni moja tu: "Inakuja nyuma." Utarudi kesho, inakuja nyuma. Utarudi juma ingine, utamukuta anatabasamu: inakuja nyuma.

Ile siku patron alishuka na jeep, akamuita mbele ya bafanyakazi bote.

"Kakule, mwaka huu ni zamu yako."

Hapa, wewe musomaji wa mbali, kubali nikufundishe kidogo. Kwetu Banande jina ya kwanza ni hesabu. Mwanaume wa kwanza ku tumbo ya mama ni Paluku, ao Mumbere. Wa pili, Kambale. Wa tatu, Kasereka. Wa nne, Kakule. Hata umubatize mutoto Napoléon, majirani batamuita hesabu yake. Donc muramu yangu, juu alizaliwa wa nne, ni Kakule Lusenge. Ita "Kakule!" mu soko ya Butembo: nusu ya soko itageuka, na nusu ingine itakuuliza kama haukutaka Kambale.

Zamu yenyewe ilikuwa hivi: kila mwaka patron analipia mufanyakazi mumoja mapumziko kwa Maman Bénite, hôtel ya batu bakubwa kule juu, ku Alimbongo. Chambre yenye kapeti, nyama asubuhi, piscine ya maji ya moto. Bale benye balitangulia habakurudi ku kazi hata mumoja. Sentinelle wa Butembo, mulinzi mwenye sisi ba Beni tulimusikiaka jina tu, patron alisema amepata kazi Kampala. Caissier, mushika pesa, amefika Dubai. Maliro, ule chauffeur mwenye nguvu kama Fuso yake, ati yuko Kamango, ananunua camion yake mwenyewe. Familia zao balikuwa banapokea muchele na salamu kila mwezi. Nani ataomboleza mutu mwenye anatuma muchele? Batu tulisikia wivu tu.

Lusenge alijivuna mpaka tukachoka. Alinunua ku friperie ya mitumba culotte ya kuogelea, ya njano, yenye picha ya minazi. Akaivaa juu ya pantalon, akatembea nayo mu lupango, pale uani, majirani bamuone.

"Bwana," Emérence akamuambia, "Alimbongo ni baridi ya kukausha pua ya mbwa. Utaogelea wapi?"

"Maji ni ya moto, bibi! Umeshaona piscine yenye kutoka moshi?"

"Nimeshaona sufuria ya viazi."

Tulicheka. Emérence alishika kiuno, juu alikuwa na mimba: batoto batatu banaume balikuwa banakimbia mu lupango, sasa hii ilikuwa ya nne. Lusenge alikuwa ameapa mbele ya kanisa yote kama safari hii ni musichana. Hata jina alishachagua: Hadassa.

Asubuhi jeep ikamuchukua. Chauffeur alikuwa Ananie. Balipita Butembo, bakapanda milima, hewa ikaanza kuuma masikio. Karibu na Alimbongo ukungu ukashuka, mweupe kama unga. Téléphone ikapoteza réseau. Balifika ku mulango mukubwa wa chuma. Ananie alitupa valise chini bila kuzima moteri.

"Unaingia kunywa chai?" Lusenge akamuuliza.

"Mimi ni Mumbere wa kwa mama yangu," Ananie akajibu. "Ile fasi ya wa kwanza ilishajaa."

Akageuza jeep. Lusenge akazani ni muchezo.

Mulinzi akafungua. Mutu wa mvi, mupole.

"Karibu, Kakule. Mama anakungojea."

Akacheka. Mu kinywa hakukuwa jino hata moja. Ufizi wa muzee unajulikana, ni mugumu, ni mweusi. Hii ilikuwa myekundu, yenye kulowana, kama ya mutoto wa kunyonya. Akainama achukue valise. Na pale katikati ya mvi, Lusenge akaona utosi. Ile fasi laini ya ku kichwa ya kitoto.

Ilikuwa inapiga.

"Ni ugonjwa," Lusenge akajisemea. "Nchi hii ina magonjwa mingi." Na mutu mwenye amejivuna mbele ya kartié yote hawezi kurudi juu ya kichwa ya mulinzi.

Chambre ilikuwa nzuri kuliko alivyotangaza. Kapeti ya kumeza mguu. Ku dirisha, piscine inatoka moshi kweli. Ku kitanda, peignoir nyeupe, joho ya kuogea, yenye jina imeshonwa na uzi mwekundu: Kakule. Akaivaa. Mikono ilimufika sawasawa, kama balimupima amelala. Akajipiga picha. Akafikiria sura ya Emérence akiona ile moshi ya piscine.

Kengele ya chakula ikalia. Ilikuwa saa sita ya mchana, mais dirisha ilikuwa nyeupe tupu, ukungu umeifunika.

Ku mesa alikuta viti vya ajabu. Vile viti vya kulishia batoto, vyenye mti wa kufunga mbele. Ila hivi vilikuwa vipana. Vya mutu muzima. Mulinzi alikuwa ameshakaa mu kimoja, amefungwa. Pembeni yake mutu mwingine, kitambaa ku shingo, mate inatiririka. Lusenge akaangalia ile sura mara mbili. Caissier. Caissier wa Dubai.

Maman Bénite alikuwa anamulisha bouillie, uji ya batoto, na kijiko. Mama munene, pagne ya kitenge mpya, sauti laini kama mafuta.

"Kaa, mwanangu. Kiti yako ile."

Kiti cha nne kilikuwa wazi. Mti wake ulikuwa umeinuliwa.

Lusenge hakukaa. Alisimama nyuma ya kile kiti, anajifanya kuangalia picha ku ukuta. Mutu akaleta supu kutoka jikoni. Mutu mukubwa sana. Alipopita, mukono yake ikagusa mukono ya Lusenge. Ilikuwa laini kama bugali ya moto. Lusenge akainua macho.

Maliro.

"Si balisema uko Kamango?" akanongona.

"Ameshakuita kwa mesa?"

"Bado."

"Akikuita, usiitike." Sauti ya Maliro ilikuwa imekuwa nyembamba, kama ya kitoto. "Mimi niliitika."

"Hii ni fasi gani, mukubwa yangu?"

"Hakuzaaka, ule mama. Patron alimuahidi batoto, yeye anamupa utajiri. Mais anabataka kwa mupango, kama tumbo ya mutu. Hesabu majina, Kakule."

Lusenge akahesabu. Sentinelle, ule mulinzi wa ufizi, alikuwa nani? Paluku. Caissier? Kambale. Na Maliro, jina yake ya kwanza... Kasereka. Kila siku ku dépôt balikuwa banaitana vile, na hakuna mwenye aliona kitu. Nani anahesabuka majina ku Butembo? Utahesabu mawe ya barabara.

Maman Bénite akaweka kijiko chini. Akapangusa mikono.

"Paluku."

"Niko, Mama," ufizi ukajibu.

"Kambale."

"Niko, Mama."

"Kasereka."

Maliro akafunga macho. "Niko, Mama."

Lusenge hakungoja. Alikimbia. Mu chambre akanyakua valise, peignoir akaitupa. Akatoka kwa mulango wa jikoni. Hakuna mwenye alimufukuza. Ile njo ilimuogopesha zaidi: hakuna mwenye alisimama.

Mulango wa chuma ulikuwa wazi. Akapita. Akashuka barabara, anapumua kwa kinywa. Ukungu. Miguu yake hakuiona. Mbele kitu cheusi kikasimama. Mulango wa chuma. Ule ule.

Akageuka, akapanda. Mulango.

Akaacha barabara, akaingia mu shamba ya viazi. Akaanguka. Akainuka. Akatambaa. Mukono yake ikagusa chuma ya baridi.

Maman Bénite alikuwa amesimama pale, peignoir ku mukono.

"Kakule."

Lusenge akafunga mudomo. Mais ulimi ulijiinua wenyewe. Ni mazoea, unajua. Tangu uko mudogo, ukisikia jina yako, unaitika mbele ya kufikiri. Neno lilikuwa limeshafika ku meno. Akaliuma. Damu ikamujaa mu kinywa.

"Kakule, mwanangu. Supu inapoa."

Kunyamaza hakungetosha. Ule mama alikuwa na wakati wote wa dunia. Na Lusenge alikuwa na kitu kimoja tu, kile chenye kilimulisha miaka yote. Mudomo wa muchuuzi.

"Mama, unanichanganya na mwingine," akasema. "Mimi ni mubeba mizigo tu. Nilileta valise yake. Kakule mwenyewe anakuja nyuma."

Mama akasogea. Akamunusa ku shingo, pole pole, kama batu banavyonusa kitoto.

"Anakuja lini?"

"Mavuno ya maharagwe haitapita kabla hajafika."

"Haunidanganyi?"

"Mimi? Uliza batu ba Beni. Nikisema kitu inakuja, inakuja."

Akaweka valise chini, mbele ya miguu yake. Mama akaiangalia. Akatabasamu.

"Nitamungojea," akasema. "Nitamutayarishia fasi."

Ukungu ukapasuka kama nguo. Barabara hii hapa. Jua. Bamama banabeba magunia ya mboga ya poireaux, Fuso inapanda inalia. Lusenge akaisimamisha na mikono yote mbili.

Alipofika Mulekera alitueleza yote, tukanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mpaka ikaisha. Akacheka. Nilicheka naye. Mutu amemudanganya muchawi na neno ya dépôt! Emérence peke yake hakucheka. Aliuliza tu, mukono ku tumbo: "Ulimuambia mavuno gani?" Na sisi, walevi, hatukumusikia.

Kisha patron Syauswa akashuka Beni. Aliingia mu dépôt, akamukuta Lusenge anapima bati. Akasimama. Ile jasho yenye ilimutoka, hata jua ya Beni haitoaka ya namna ile.

"Umerudi."

"Nimerudi, patron."

Patron akafunga mulango. Akanongona.

"Pale hakuna mutu anatoka bure. Ulitoa nani ku fasi yako?"

Lusenge akaanza kucheka. Inje, mama mumoja alikuwa anapita anauza: maharagwe mapya, maharagwe mapya. Mètre ya kupimia ikamuponyoka.

Ile siku aliacha kazi. Aliomba pasta Ézéchias aje aombee tumbo ya Emérence. Tukafunga chakula, tukaomba itoke Hadassa. Mimi mwenyewe, mwenye siendaka kanisa, nilipiga magoti.

Mavuno haijaisha, Kahongya, mukunga wetu, akatoka na mikono yenye maji.

"Mwanaume!"

Lusenge akakaa chini, pale pale mu vumbi.

Alimupa mutoto jina ingine, Mathe. Akasimama ku mulango, akatangaza: hapa ndani ataitwa Mathe tu, na mwenye atasema ingine hatakanyaga tena. Bure. Jirani ya kwanza kuleta bouillie akauliza kutoka barabarani: "Kakule ameamuka?" Mama mukwe akamubeba: "Kakule yangu." Bale batatu, Paluku, Kambale na Kasereka, banaimbia leki yao, mudogo wao, hata ukibachapa: Kakule, Kakule.

"Utafunga kinywa ya Banande bote?" Emérence alilia.

"Tuhame."

"Tuende wapi? Kampala? Dubai? Sema fasi yenye Munande hayuko."

Sasa Lusenge amekaa ku mulango muchana kutwa. Mutoto bado hajui kusema, shukuru Mungu. Mais ukiita jina ile, anageuza macho. Siyo kwa mwenye ameita. Anaangalia barabara ya Butembo. Na kinywa yake inaanza kujipanga, kama anatafuta neno.

Juma iliyopita nilienda kubasalimia. Mchana, jua inachoma. Lusenge alikuwa ameingia kunywa maji tu, kidogo tu. Alipotoka, tulikuta valise ku mulango. Ile yake. Hakuna mutu mu barabara, hakuna alama ya mguu mu vumbi. Na valise ilikuwa baridi, ngozi yote imejaa umande.

Hakuna mwenye alitaka kuigusa. Mimi niliifungua, si unajua roho yangu. Ilikuwa tupu kama inangoja kupangwa. Chini kabisa kulikuwa culotte ya njano, yenye minazi. Ilikatwa ikawa ndogo, ikashonwa upya na uzi mwekundu, vizuri sana, kazi ya mama mwenye mapendo.

Niliitandika mu kiganja yangu. Ikaenea yote.

Ilikuwa imelowa. Na maji yake yalikuwa bado ya moto.