Kamba Nyekundu ya Mbuzi Mweusi

Itangazwe kote, kuanzia Mghange hadi Voi mjini, kwamba Sylus Mwandawiro, gwiji wa mizaha bwenini, hajawahi kutishwa na kiumbe chochote. Isipokuwa mbuzi mmoja, tena mgonjwa.

Kila asubuhi kabla ya paredi, wanafunzi wa chama cha kilimo walikwenda kwenye zizi la shule. Mbuzi walikuwa na minyoo inayofyonza damu, na Daktari Tryphena, daktari wa mifugo, alikuwa akijaribu dawa mpya. Waliokwisha kupewa dawa walifungwa kamba nyekundu shingoni. Waliongoja zamu yao, kamba ya buluu. Wanafunzi walifunua ukope wa kila mbuzi na kutoa alama: tano kwa jicho jekundu lenye damu ya kutosha, moja kwa jicho jeupe.

Jumatatu, Sylus alibadilisha kamba za mbuzi wawili, mmoja aliyepewa dawa na mmoja mweusi ambaye bado. Alitaka tu kuwacheka wenzake wakichanganyikiwa. Hakuna aliyechanganyikiwa; wote waliziamini kamba, na hapo ndipo hofu ilipomwanza.

"Huyu anaendelea vizuri," mwenzake Daisy alisema Alhamisi, amemshika mbuzi mweusi wa Mama Nabwile, mpishi wa shule. "Nne."

"Angalia tena, Daisy," Sylus alisema. "Jicho ni jeupe."

"Jeupe wapi? Si amekunywa dawa? Huoni kamba?"

Mbuzi akayumba, akapiga magoti. Sylus alimwinua, akipiga hesabu. Kesho dawa ingetolewa kwa wenye kamba ya buluu pekee. Huyu angerukwa, naye ndiye aliyempa maziwa mjukuu wa Mama Nabwile. Lakini kama Sylus angesema ukweli, angefukuzwa bwenini. Akaiacha kamba kama ilivyokuwa.

Ijumaa mbuzi hakuweza kusimama. Daktari alifunua ukope, akashtuka.

"Nani alimpa huyu nne?"

"Mimi," Daisy alijibu kwa sauti ndogo. "Kamba ni nyekundu..."

"Basi dawa yako haifai, daktari," Mama Nabwile alisema, machozi yakimlengalenga. "Wacha nilete kisu, nimchinje kabla hajafa."

"Usimchinje, mama!" Sylus alipiga kelele. "Hajanywa dawa! Ni mimi nilibadilisha kamba!"

Daktari hakungoja maelezo. Alimnywesha mbuzi dawa papo hapo, akamdunga sindano ya kumwongezea nguvu. Wiki iliyofuata mbuzi alikuwa akigombania majani.

"Daisy hakudanganya," Daktari aliwaambia wanafunzi. "Kamba ilimwambia ataona nini kabla hajaangalia jicho. Hata mimi nilikosea kumwonyesha kamba. Kuanzia leo, anayetoa alama hatajua nani amepewa dawa."

Sylus akatunisha kifua. "Kwa hiyo, Daktari, mzaha wangu umeisaidia sayansi?"

"Umesaidia. Lakini Daisy anasema uliliona jicho jeupe, nawe ukaificha siri ya kamba. Kwa nini?"

Sylus akashusha kifua.

"Niliogopa," alisema, akitazama viatu vyake.

"Siku nyingine," Daktari alimwambia, "njoo useme ukiwa unaogopa hivyo hivyo."