Simu ya Pazi Haifutiki

SAA TATU ASUBUHI

Si benki. Si duka la dhahabu. Simu moja ya mkononi, kioo kimepasuka pembeni, na watu wazima watatu wamejifungia chumba cha nyuma cha mashine ya kukoboa mpunga, Kihonda, wanapanga jinsi ya kuiiba. Ukiwa na rafiki kama Pazi huhitaji adui.

Kasimiri alichora duka kwa kidole kwenye vumbi la pumba. Yeye ndiye mkubwa wao. Anapopanga jambo haruhusu mtu kukaa.

"Kaunta ya kioo hapa. Droo hapa. Fundi Castory anakaa hapa, mgongo ukutani. Hana msaidizi, hana kamera."

"Kamera anayo," Pazi akasema. "Ila ni ya uongo. Aliniambia mwenyewe."

Upande wa pili wa ukuta mashine ilikuwa inanguruma. Ndiyo maana walipachagua. Tabu ya kupanga wizi penye mashine ni kwamba lazima mpige kelele.

"Nakuuliza tena!" Kasimiri alifoka. "Simu uliiuza ya nini?"

"Sikuuza, bro! Nilibadilisha! Nimetoa ya zamani, nimeongezea, nimechukua mpya!"

"Na video ndani?"

"Nilifuta! Picha moja moja, usiku kucha! Kumbe ukifuta zinakwenda kwenye kapu la taka, zinakaa humo! Nimejua jana! VIDEO YA KARAFUU IMO KWENYE KAPU!"

Katikati ya maneno hayo umeme ulikatika. Mashine ikanyamaza. Sauti ya Pazi ikabaki peke yake, ikatoka dirishani mpaka barabarani. Wote watatu waliganda. Nje, mama mmoja akauliza hizo karafuu zinauzwaje.

Hafidha, dereva wao, alifumba macho. Alitamani kumzaba Pazi kibao, ila kingesikika nacho.

Miezi miwili nyuma walikomba ghala la ushirika kule Kinole. Magunia ya karafuu kavu, yenye chapa ya ushirika, yakapakiwa kwenye kirikuu cha Hafidha, kipikapu chake kidogo, kwa safari mbili. Mlinzi alilala fofofo, hakuna aliyeumia, kazi ilikwisha salama. Ila Pazi, kwa akili zake, alipanda juu ya magunia akajirekodi akicheza. Uso wake umo. Uso wa Kasimiri umo, nusu. Uso wa Hafidha haumo, lakini sauti yake imo, wazi kabisa: "Pazi, shuka huko, tunachelewa!"

Wenzake waliogopa jela. Hafidha alikuwa na hofu yake. Kasimiri alimwambia mzigo ule ni wa mlanguzi mmoja wa Dar, mtu tajiri, hata hataumia. Kesho yake baba yake Hafidha, Mzee Abdulmajid, alimpigia kutoka Kinole huku analia. Karafuu zake za mwaka mzima zilikuwa mle ghalani. Tangu siku ile kila baada ya magharibi anapiga, anauliza kama huko mjini binti yake amesikia lolote. Hafidha anamjibu, bado baba, tuzidi kuomba. Kisha anakata simu na chakula hakipiti. Jela angeimudu. Baba yake kuisikia sauti ile, hapana.

"Si ungemwomba fundi akurudishie dakika mbili?" Hafidha alimnong'oneza Pazi.

"Nilienda jana. Nikamwambia kuna vitu nataka kufuta. Akacheka. Akasema, 'Una picha za uchi nini? Kesho nikitulia nitachungulia.'"

Kasimiri alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Yaani ulienda kumwonyesha mwizi mlango," alisema. "Leo. Mchana huu. Kabla hajatulia."

SAA SITA MCHANA

Mpango ulikuwa mwepesi. Hafidha ajifanye mteja wa protekta ya kioo cha simu. Kasimiri aingie, aanzishe ugomvi kuhusu chaja mbovu. Fundi akigeuka, droo ifunguliwe. Pazi abaki ndani ya kirikuu nyuma ya stendi ya Msamvu, mdomo ukiwa umefungwa.

Hafidha alikuta wateja watatu mbele yake. Mmoja simu yake imeingia maji. Wa pili anataka nyimbo. Wa tatu alikuja kusalimia tu, akasalimia mpaka Hafidha akahisi jasho linamtiririka mgongoni. Castory, kijana mrefu mwenye miwani, hakuwa na haraka na mtu. Kila aliyemaliza aliambiwa karibu tena.

"Haya dada yangu, nikusaidie nini?"

"Protekta, kaka."

Castory akaanza kupangusa kioo chake taratibu, kwa kitambaa, kwa pumzi, kwa kitambaa tena. Hapo Kasimiri akaingia kama mvua ya mawe.

"Oya fundi! Chaja uliyoniuzia kimeo! Siku mbili tu imekufa! Unaibia watu?"

Castory akainua macho. Hafidha akasogeza mkono kuelekea droo.

"Pole sana kaka," Castory akasema. "Chukua nyingine."

Akamkabidhi chaja mpya, bure. Hakuinuka hata kwenye kiti. Kasimiri akabaki nayo mkononi, mdomo wazi. Miaka kumi ya ujambazi na hajawahi kupewa kitu.

"Mimi... mimi hii siitaki!" alisema hatimaye. "Rangi yake siipendi!"

"Rangi?"

"Nyeusi! Nataka nyeupe!"

Castory akamtazama vizuri, kisha akamtazama Hafidha, kama kumuuliza huyu naye katokea wapi. Akasimama, akapanda juu ya stuli kutafuta chaja nyeupe kwenye boksi la rafu ya juu. Hafidha akavuta droo. Simu zilikuwamo nyingi, moja juu ya nyingine. Kava la kijani. Kioo kimepasuka. Akaichukua, akaisukumiza ndani ya kanga, akafunga droo kwa nyonga.

Castory akashuka, akamaliza kubandika protekta bila kiputo hata kimoja. Hafidha akalipa. Akasema asante, na akaona aibu kwa sababu aliimaanisha.

SAA SABA NA NUSU

"Msamvu pameshachafuka," Kasimiri alisema. "Njia ya Dumila kuna kizuizi cha polisi. Panda Bigwa, nenda milimani."

"Siendi huko," Hafidha akajibu. "Huko ni kwetu."

"Ndiyo maana. Kona zote unazijua. Kanyaga mafuta."

Akakanyaga. Kirikuu kikapanda, mji ukabaki chini, migomba ikaanza kuegemea barabarani. Pazi akaiwasha simu ya zamani, akabusu kioo chake, kisha akatoa tusi.

"Betri. Asilimia tatu. Inasema nichaji kwanza ndipo nifute."

"Ipige jiwe!" Kasimiri akasema.

"Jiwe linavunja kioo tu. Memori inabaki. Mtu akiitoa anasoma kila kitu."

"Tunaifuta kwanza," Hafidha alisema. "Ifutike, halafu mkaitwange mnavyotaka. Mimi sitalala na nusu kazi."

Kasimiri akamtupia Pazi ile chaja nyeupe ya bure. Ndani ya kirikuu hapakuwa na pa kuichomeka. Alipogundua hivyo, Kasimiri aliupiga ngumi mlango wa gari, gari lisilo lake.

Mkuyuni walikuta kibanda cha kuchajia simu kwa umeme wa jua. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, Bi Zuleha, anamenya mihogo.

"Shikamoo mama," Hafidha akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Foleni ni ndefu. Na leo jua lenyewe lina mawingu."

Wakasubiri. Kasimiri alitembea huku na huku akivuta sigara. Pazi alinunua ndizi akala, na kila alipotafuna Kasimiri alizidi kumchukia. Chaji ilipanda kwa uvivu, ikasimama, ikapanda tena. Bi Zuleha akawauliza wanatoka wapi, wanaenda wapi, na huyu binti mbona sura yake kama ya Mzee Abdulmajid wa Kinole. Hafidha akasema watu wanafanana.

SAA TISA ALASIRI

Waliegesha kwenye kona juu ya korongo, mbali na nyumba. Pazi akachora pateni yake ya kufungulia. Mipangilio. Futa data yote. Simu ikauliza, una uhakika? Wote watatu wakajibu ndiyo kwa sauti. Ikazima. Ikajiwasha. Ikakaa kimya muda mrefu wa kuudhi. Kisha ikaandika: Karibu.

Hafidha aliegemea usukani, akashusha pumzi. Ilikuwa tupu. Hakuna picha, hakuna video, hakuna sauti. Alijisikia mwepesi, akataka kucheka.

"Lete nipige jiwe sasa," Kasimiri akasema.

"Subiri bro, si mali hii? Ngoja nimalizie kuiwasha, nitaiuza Kisaki huko."

"Pazi, unazingua!"

Lakini Pazi alishabonyeza. Simu ikagoma. Ikaandika kwamba ilifutwa, na mwenyewe athibitishe kwa akaunti iliyokuwa inatumika mwanzo.

"Weka email yako tutoke," Hafidha alisema.

"Mimi sina email."

"Huna vipi? Simu janja haifunguki bila email."

"Aah, si Castory alinifungulia siku nainunua? Ile ya dukani. Wateja wengi tunatumia hiyo hiyo. Neno la siri analijua yeye."

Kasimiri hakuelewa. Hafidha alielewa nusu, akamgeukia Pazi.

"Na hii mpya uliyo nayo mfukoni?"

"Hiyo hiyo. Tena noma sana, Hafidha, nilivyoiwasha tu picha zangu za zamani zilikuja zenyewe! Zote! Hata nilizofuta, maana usiku ule sikuwa na mtandao! Wala sikuhangaika."

Hafidha akanyoosha mkono, na Pazi, huku tabasamu likimpotea polepole, akampa. Akafungua picha. Akazishusha kwa kidole. Ilikuwepo. Pazi juu ya magunia, mikono hewani.

Hawakuwa wameiba kitu. Walichokiiba na kukifuta kilikuwa kopo. Maji yenyewe yalikuwa kwa Castory tangu siku ya kwanza, kwenye akaunti ya dukani, naye labda hajawahi hata kuifungua. Asubuhi hii alikuwa hana habari. Sasa ameibiwa simu, na mtu aliyeibiwa simu cha kwanza anachofanya ni kufungua akaunti kuitafuta.

"Ifute humo!" Kasimiri alipiga kelele. "Si ipo humo? Ukiifuta humo na huko kwake inafutika!"

"Inataka mtandao," Pazi akasema kwa sauti ndogo. "Bando limeisha."

Kasimiri akamtukana yeye na ukoo wake, kisha akanunua bando kwa simu yake. Ujumbe ukakataa kwenda. Akapanda juu ya jiwe, akanyoosha mkono. Ukakataa. Akapanda juu ya kirikuu. Ukaenda.

Hafidha akashuka garini, akawasha data. Akafuta video. Simu ikamjulisha kwa adabu kwamba video imepelekwa kwenye kapu la taka na itakaa humo kwa muda kabla ya kufutika.

"Kapu tena?" alipiga kelele mpaka koo likamuuma. "Kapu tena, Pazi?"

Akalitafuta kapu. Akalipata. Futa kabisa. Kidole kilikuwa hakijagusa bado simu ilipoanza kulia. Haikuwa mlio wa kupigiwa. Ilikuwa kengele, kali, sauti ya juu kabisa, na haikuzimika alipobonyeza. Kioo kikajifunga. Maneno yakatokea:

PAZI, NI FUNDI CASTORY. ULIPO NAPAONA KWENYE RAMANI. VIDEO NIMEIONA. NIMEWAPA POLISI NA USHIRIKA WA KINOLE. USISUMBUKE KUFUTA.

Data ndiyo iliyomwonyesha walipo. Wangekaa bila bando, asingewaona mpaka kesho.

Kasimiri aliinama, akasoma mara moja. Akaruka kutoka juu ya gari, akaingia kwenye usukani. Ufunguo ulikuwemo.

"Bro, tunapanda!" Pazi akasema.

"Wewe simu yako inalia dunia nzima inasikia, upande wapi?" Akamgeukia Hafidha. "Na wewe ni mtu wa huku. Watakuonea huruma."

"Kasimiri, gari ni langu."

Akaondoka nalo. Pazi akaitupa ile simu korongoni, ikaendelea kulia huko chini kwenye majani. Akamwangalia Hafidha kama anayetaka kuomba radhi, kisha akakimbilia kwenye migomba.

Hafidha alikuwa anamfuata. Alishapiga hatua ya kwanza. Simu yake mwenyewe ikaita, ile yenye protekta mpya. Haikuwa magharibi bado, na aliyepiga ni baba.

Akapokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee alihema. Nyuma yake palikuwa na makelele ya watu wengi. "Hafidha, tuko hapa ghalani. Mwenyekiti amepata video ya wale wezi. Kuna sauti ya mwanamke. Watu wanasema ni wewe."

Hafidha akaitazama migomba.

"Nimewakatalia. Wamenibishia, nimewaambia leteni msahafu. Nimeapa mbele yao wote kwamba mwanangu hawezi. Mimi sauti yako naijua tangu hujajua kusema, Hafidha. Nimeisikiliza mara tatu." Makelele yakafifia. Alipoongea tena alikuwa amesogea mbali na watu. "Sasa niambie mimi. Nimeapa kweli au nimeapa uongo?"

Migomba ilikuwa hatua chache tu. Neno moja lilitosha, na mzee angelichukua, angelibeba mpaka kaburini bila kumuuliza tena. Na kiapo kile kingekuwa juu ya shingo yake yeye.

"Umeapa uongo, baba," Hafidha akasema. "Ni mimi. Nisamehe. Sikujua kama na zako zimo."

Baba yake hakujibu, wala hakukata simu. Hafidha akaketi kando ya barabara, simu sikioni, akilia bila kujificha na kumsikiliza mzee akivuta pumzi, mpaka bodaboda za Kinole zikaanza kusikika zinashuka mlima.