Maneno ya Kwenye Taulo la Nadine

Ti, ti, ti.

Twila aliisikia sauti hiyo gizani, akiwa amejilaza kando ya binti yake Josie. Alikuwa ameamka alfajiri ili adarizi kabla ya pilikapilika za nyumba. Mtoto akaota vibaya na kumwita, naye akaiacha cherehani ikiendelea peke yake jikoni. Cherehani ya kudarizi ndivyo ilivyo. Ukishaichagulia mchoro na kuifungia kitambaa, inashona yenyewe. Uzi ukikatika, inaita.

"Mama, nini kinalia?" Josie aliuliza, akiwa amefumba macho.

"Cherehani. Inanisemelea kwamba nimeharibu."

"Umeharibu nini?"

"Lala, mwanangu. Ngoja nikatazame."

Aliwasha taa ya jikoni. Taulo lilikuwa limebanwa kwenye fremu, zuri, jipya, rangi ya maziwa. Ila maneno yaliyodariziwa juu yake yalikuwa balaa. Herufi zilizama ndani ya manyoya ya taulo kama mbegu kwenye nyasi. Nyingine zilionekana nusu. Kitambaa chenyewe kilijikunja kuzizunguka.

Dwight, mumewe, aliingia akifunga vifungo vya shati. Alikuwa dereva wa lori la magogo, na siku zake zilianza kabla ya jua. Aliinama juu ya taulo, akalitazama kwa muda.

"Kuku amepita hapa?" aliuliza.

"Dwight, tafadhali."

"Nauliza tu. Naona nyayo."

Twila alitaka kucheka, lakini machozi yakatangulia. Dwight akaacha mzaha. Akavuta kiti, akaketi.

"Ni la Nadine, eh?"

"La Nadine. Nilinunua mawili tu. Limebaki moja, na leo ni Ijumaa."

Jumapili ilikuwa siku ya Kurudi Nyumbani. Kila mwaka, katika kanisa lao dogo pale Alabama, wote waliohama hurudi siku hiyo. Baada ya ibada hula pamoja nje, kwenye meza ndefu zilizopangwa chini ya miti ya mialoni. Mwaka huu Nadine, dada mkubwa wa Twila, alikuwa ametuma habari kwamba atakuja. Ndugu hao wawili hawakuwa wamezungumza tangu mama yao azikwe, miaka mitatu iliyopita.

Ugomvi ulikuwa wa blanketi. Mama yao aliacha blanketi la vipande vya nguo alilolishona kwa mkono. Siku ya mazishi halikuonekana. Twila, kwa uchungu wake, alisema mbele ya watu kwamba Nadine amelichukua. Nadine hakujibu. Aliingia garini, akaondoka. Miezi michache baadaye Twila alilikuta blanketi juu kabisa ya kabati lake mwenyewe, ndani ya mfuko wa nguo za watoto. Mama aliliweka pale ili Josie alirithi. Tangu siku hiyo Twila aliona aibu hata kushika simu.

Sasa alitaka taulo liseme kile alichoshindwa kusema yeye.

"Nenda kwa Bi Ouida," Dwight alimwambia. "Kila mtoto anayezaliwa kanisani kwetu anafutwa mdomo kwa kitambaa alichokidarizi yule mama. Atakuonyesha."

* * *

Bi Ouida alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa mjane, mwalimu wa shule ya Jumapili, na mcheshi kupita kiasi. Alimkuta Twila mlangoni na Josie mkononi.

"Karibuni. Josie, kwenye kopo kuna biskuti. Usimwambie mama yako umekula ngapi."

"Nipo hapa, Bi Ouida," Twila alisema.

"Najua upo. Basi jifanye hupo. Haya, nionyeshe maiti."

Twila alilifungua taulo juu ya meza. Bi Ouida alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya herufi, kisha akaligeuza nyuma.

"Chini uliweka nini?"

"Karatasi. Ya kawaida."

"Ndiyo maana limejikunja. Sindano inapiga mara nyingi mahali pamoja, kitambaa kinavutwa. Kinahitaji kitu cha kukishikilia kwa chini. Hiki hapa." Akatoa kipande cha kitambaa cheupe kigumu. "Hiki ndicho unachokibana kwenye fremu. Taulo usilibane. Fremu inaliachia alama. Lilaze tu juu yake, ulishikize pembeni kwa mishono mirefu ya mkono."

"Na herufi kuzama?"

"Taulo lina manyoya. Yanasimama katikati ya nyuzi. Lazima uyalaze." Akatoa karatasi laini inayong'aa, nyembamba kama ganda la kitunguu. "Hii inawekwa juu. Unashona juu yake. Ukimaliza unaichana, na mabaki yake yanayeyuka kwenye maji ya uvuguvugu. Herufi zinabaki juu ya manyoya, hazizami."

Twila alitikisa kichwa. Kumbe lilikuwa jambo dogo kiasi hicho.

"Tena uzi wako ni wa njano hafifu juu ya rangi ya maziwa," Bi Ouida aliendelea. "Hata malaika atahitaji tochi. Chukua wa kahawia au wa buluu. Na herufi zisiwe fupi kuliko ukucha wa kidole gumba chako. Kwenye taulo, herufi ndogo ni uchafu tu."

"Lakini maneno ni mengi. Zikiwa kubwa hazitatosha."

"Maneno yenyewe ni yapi? Nisomee. Mimi hapa naona hizo nyayo za kuku."

Twila alicheka. "Dwight naye kasema hivyohivyo." Kisha akasoma polepole yale maneno ya Maandiko aliyoyachagua: kwamba Bwana awe mwangalizi kati yangu na wewe, tunapokuwa mbalimbali.

Bi Ouida alivua miwani. Uso wake ulibadilika.

"Uliyatoa wapi, mwanangu?"

"Mchoro unauzwa kwenye mtandao. Na nimeyaona maneno haya maisha yangu yote. Kwenye vikombe. Kwenye ile mikufu ya marafiki, yenye kidani kilichokatwa vipande viwili ili kila mmoja avae nusu. Ni maneno ya upendo. Mimi niko huku, dada yuko mbali, Mungu atulinde."

"Ni nani aliyeyasema?"

Twila aliligeuza taulo, kana kwamba jina limeandikwa nyuma. Hakujua.

"Kwenye lile darasa la kusoma unalokwenda jioni, wanakufundisha nini mkikutana na sentensi usiyoielewa?"

"Nisome kilicho kabla yake na kilicho baada yake."

"Haya. Biblia ile pale. Ni Mwanzo, sura ya thelathini na moja. Anza juu kabisa."

Twila alisoma kwa sauti. Hakusoma haraka, lakini alisoma vizuri. Alisoma jinsi Yakobo alivyoondoka kwa siri na familia yake. Alisoma jinsi Labani, mkwewe, alivyomfukuzia. Labani alimshutumu kwamba vitu vya nyumbani kwake vimeibwa. Akapekua hema moja baada ya jingine. Hakupata kitu. Mwishowe wawili hao walirundika mawe, na hapo ndipo Labani akayasema yale maneno.

Sauti ya Twila ilififia. Alisoma mstari unaofuata kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Kisha akaweka kidole juu ya ukurasa.

"Hawa hawapendani," alisema.

"Hawaaminiani hata kidogo."

"Anamwambia, mimi sikuoni, lakini Mungu anakuona. Usije ukanifanyia ubaya."

"Ndivyo."

"Na alikuwa amemshutumu wizi." Twila alishika mdomo. "Bi Ouida, Nadine anaijua Biblia kuliko mimi. Angelisoma hili mbele ya watu wote. Mimi niliyemwita mwizi, nampa taulo linalomwambia Mungu anamchunga."

"Angedhani bado unahesabu vijiko kila akitoka nyumbani kwako."

Twila alilikunja lile taulo lililoharibika. Bi Ouida akamsogezea kikombe cha chai.

"Usijione wewe ni wa kwanza. Mwaka uleule nilionunua cherehani yangu, niliwadarizia bwana harusi na bibi harusi mashuka. Nikachagua yale maneno ya Ruthu, kwamba utakakokwenda nami nitakwenda. Matamu sana. Nilisahau kwamba Ruthu alikuwa akimwambia mama mkwe wake."

"Ikawaje?"

"Mama mkwe hakuwa amesahau. Alilia kwa furaha pale ukumbini. Wiki iliyofuata akahamia kwao. Mpaka leo yupo."

Twila alicheka hadi akamwaga chai mezani. Josie naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini.

"Sikiliza," Bi Ouida alisema, akifuta meza. "Maneno si mabaya. Ruthu alisema vizuri. Ila kabla hujashona, jiulize nani alisema, alimwambia nani, na kwa nini. Ukishajua, mfikirie atakayepokea. Yuko katika hali gani? Siku akisimama jikoni peke yake na taulo hilo, maneno yatamfariji au yatamchoma?"

"Basi nichague lipi?"

"Mimi simjui Nadine kama unavyomjua wewe. Si lazima liwe andiko. Hata sala ya nyumbani ni neno la imani. Mama yenu alikuwa akiomba nini?"

Twila alitazama dirishani. Akilini alimwona mama yake amesimama jikoni, unga mikononi, sufuria ikifuka. Kila siku kabla ya kula sala yake ilikuwa ileile. Alikuwa mama wa watoto wengi na wageni wengi, hivyo hakuwa na muda wa sala ndefu.

"Asante, Bwana. Nafasi ipo," Twila alisema. "Ilikuwa hivyo tu. Kisha tunasogeleana kwenye benchi. Nadine na mimi tulikuwa tunaigiza sauti yake hadi tunapigwa kofi."

"Maneno manne," Bi Ouida alisema. "Yanatosha taulo na nafasi inabaki."

Walishona mchana huo. Kwanza walijaribu kwenye taulo kuukuu la Bi Ouida. Ilikuwa bahati, kwa sababu herufi ya mwisho iliangukia kwenye pindo. Wakayasogeza maneno juu kidogo. Kabla ya kushona taulo lenyewe, Bi Ouida alimtaka Twila asome maneno kwenye kioo cha cherehani kuanzia la mwisho kwenda la kwanza, moja moja.

"Kwa nini nyuma mbele?"

"Ukisoma kawaida, jicho linaona unachotaka kuona. Niliwahi kumdarizia mchungaji wetu taulo, nikakosea herufi za jina lake. Yeye kwa upole wake alilitumia miaka mingi."

Cherehani ikaanza. Twila alikaa nayo hadi mwisho, hakuondoka. Alipoichana ile karatasi laini na kulichovya taulo kwenye maji ya uvuguvugu, herufi za kahawia zilibaki juu, nene, zimenyooka. Alikata nyuzi zilizoning'inia. Akalitandaza juani.

"Limependeza," alisema.

"Limependeza sana. Lakini, mwanangu." Bi Ouida alimshika bega. "Taulo halina mdomo. Lile la blanketi utalisema wewe mwenyewe, tena kabla hujampa."

* * *

Jumapili, watu walipotoka kanisani, meza zilikuwa zimejaa kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi na keki za nazi. Chai baridi yenye sukari ilikuwa kwenye ndoo. Nadine alisimama kando, karibu na gari lake, kana kwamba bado hajaamua kama amefika. Alikuwa amenyoa nywele fupi. Alifanana na mama yao kuliko zamani.

Twila alimwendea. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, yote yakapotea.

"Dada," alisema. "Blanketi lilikuwa kwangu. Juu ya kabati. Mama aliliweka mwenyewe. Nimejua siku nyingi na sikukupigia. Nilikosea kukutaja, na nikakosea zaidi kunyamaza."

Nadine aliinamisha macho.

"Mama aliniambia analiweka kwako," alisema mwishowe.

"Ulijua? Mbona hukusema siku ile?"

"Ulikuwa umeshaamua mimi ni mwizi, Twila. Mwizi anaaminiwa na nani? Nilingoja uniambie wewe."

"Nimechelewa."

"Umechelewa sana."

Hawakukumbatiana. Bado. Twila akatoa taulo ndani ya mfuko, akampa kwa mikono miwili. Nadine alilikunjua. Alisoma. Akapitisha kidole juu ya herufi, kwenda na kurudi, kama mtu anayepapasa uso. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Ni wewe umeshona hivi?" aliuliza. "Wewe uliyekuwa unabandika vifungo kwa gundi?"

"Nilifundishwa. La kwanza niliharibu."

"Ningeshangaa kama usingeharibu."

Hapo ndipo alipomvuta mdogo wake, wakashikana, taulo katikati yao. Twila alihisi harufu ya sabuni ileile ya nyumbani kwao. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuachia.

Walipofika mezani, Nadine alijazwa sahani na Bi Ouida bila kuulizwa anataka nini. Lakini mabenchi yote yalikuwa yamejaa. Alibaki amesimama na sahani yake, taulo begani, akitazama huku na huku kama mgeni. Josie, ambaye hakumkumbuka kabisa, alimtazama mama huyu mwenye uso wa bibi yake wa kwenye picha. Akabeba sahani yake ya kuku, akajivuta hadi akamkandamiza baba yake ubavuni, akapiga benchi kwa kiganja.

"Mama mkubwa, kaa hapa na mimi."